Fleti Njiro, hati kwa mwenye jengo: nilipe au nisubiri?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya utalii hapa Arusha. Nimepanga Sakina kwa laki tatu na nusu kwa mwezi. Nina watoto wawili, wa miaka minne na saba, na mama yangu mzazi anahamia kwangu kutoka Marangu kwa sababu ya magoti. Nimeonyeshwa fleti ya vyumba viwili Njiro, ghorofa ya tatu, kwa milioni 145. Jiko ni la kisasa, vigae vizuri, na Meru unauona dirishani. Nina akiba ya milioni 60. Muuzaji ana hati moja ya kiwanja kizima. Anasema tutaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa na hati yangu itafuata baadaye. Benki wamekataa kunipa mkopo wa nyumba, wamesema labda mkopo wa mshahara. Dalali anasema yuko mteja mwingine, hivyo nitoe milioni kumi wiki hii. Eneo nimelipenda sana. Niangalie nini kabla sijalipa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole na hekaheka za kutafuta makao. Nianze na lile linalokukimbiza. Milioni kumi usiitoe wiki hii. Usitoe hata laki tano ya kushikilia. Huyo mteja mwingine akinunua, mwache anunue. Njiro majengo ya fleti yanaendelea kupanda na hii haitakuwa ya mwisho. Fedha ikishatoka mkononi mwako bila karatasi ya maana, unayebaki na haraka ni wewe, muuzaji hana haraka tena.

Kazi yangu ni uthamini wa majengo, na kila anayetaka kununua fleti humwomba ayagawe anayoyaona mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo akishahamia anaweza kuyabadilisha peke yake akiwa na fedha na fundi: rangi, vigae, makabati, sinki, milango, hata nyaya za umeme za ndani. La pili ni yale asiyoweza kuyabadilisha peke yake hata awe na fedha: hati, msingi, paa, maji yanatoka wapi, majitaka yanaenda wapi, korongo lililo jirani, baa ya ng'ambo ya barabara, na tabia ya watu watakaoishi juu na chini yake. Ukisoma tena barua yako utaona kwamba ulivyovipenda, ukiuacha mlima, viko karibu vyote kwenye fungu la kwanza. Ndivyo ulivyoonyeshwa, kwa kuwa ndivyo vinavyong'aa. Muda wako na wasiwasi wako uhamishie kwenye fungu la pili.

La kwanza humo ni hati. Benki imekupa taarifa kubwa kuliko ulivyoipokea. Haikukataa kwa sababu ya mshahara wako, maana ingekunyima hata mkopo wa mshahara. Imekataa kwa sababu hakuna kitu cha kuweka rehani. Katika daftari la Msajili wa Hati fleti hiyo haipo. Kilichopo ni kiwanja kimoja chenye jengo juu yake, kwa jina la mtu mmoja.

Nchi yetu ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu mwaka 2008, na ilitungwa kwa hali kama hii yako. Mwenye jengo huandaa mchoro unaoonyesha kila fleti na mipaka yake, mchoro huo huidhinishwa na kusajiliwa, kisha kila fleti hupata hati yake. Hati hiyo inakupa vitu viwili kwa mpigo: fleti yenyewe, na fungu lako katika vile vya wote, yaani ardhi, ngazi, paa, maegesho na matenki. Wamiliki nao wanakuwa na chama chao kinachotambulika kisheria, kinachoweza kukusanya michango, kuweka kanuni na kumdai asiyelipa. Utaona umuhimu wa chama hicho siku pampu ya maji itakapoungua.

Bila hati ya namna hiyo, mkataba unakupa haki ya kumdai muuzaji, basi. Fleti haukupi. Akichukua mkopo kwa hati yake kubwa akashindwa kurejesha, benki itauza kiwanja na jengo zima, na jiko lako limo humo. Akifariki, utaanza kujieleza kwa warithi ambao huenda hawajawahi kukuona. Akiuza fleti hiyohiyo kwa mtu wa pili, mtakutana mahakamani kila mmoja na karatasi yake ya mtaa, mihuri ikifanana. Simdharau mwenyekiti wa mtaa. Anawajua watu na anaijua migogoro yao, na nitakutuma kwake baadaye kidogo. Ila muhuri wake haubadilishi daftari la Msajili. Ardhi iliyosajiliwa huhama kwa kusajiliwa.

Kwa hiyo mwombe muuzaji nakala ya hati, uone namba yake, kitalu na kiwanja, halafu wewe au wakili wako mfanye upekuzi, yaani kukagua daftari, katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Ada yake ni ndogo sana ukiilinganisha na milioni 145. Majibu yakija, yasome polepole. Je, jina ni la huyu anayekuuzia, au ni la baba yake marehemu? Kama ni la marehemu, mtafute msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Pembezoni mwa jiji hili viwanja vingi vilitoka kwenye mashamba ya familia, na ndugu mmoja aliyeachwa nje ya kikao anaweza kukusumbua miaka. Je, pana rehani? Pana zuio? Kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka gani? Matumizi yaliyoandikwa ni makazi, na kibali cha ujenzi cha Jiji kilikuwa cha ghorofa ngapi? Kibali cha ghorofa mbili, jengo likasimama nne, kitazuia hati za fleti zisitoke, na kinakuambia kwamba msingi ulipigiwa hesabu ya jengo jingine.

Angalia pia hati imebakiza miaka mingapi, jambo ambalo wengi hulipita. Ardhi yetu tunamilikishwa kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na hati ya fleti haiwezi kuishi kuliko hati ya kiwanja iliyoizaa. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 2003 inaisha 2036. Kuomba upya kunawezekana, lakini ukiwa fleti moja kati ya kumi utaomba pamoja na wenzako tisa, au hutaomba kabisa. Jambo hilo ni la kupunguzia bei, tena si kidogo.

Muuzaji mwaminifu haya hayatamkasirisha. Mwambie hivi: nataka kununua, na fedha ninayo, ila italipwa kufuata hati. Wakili awe wako, uliyemtafuta mwenyewe, asiwe yule ambaye dalali amekuja naye. Mkataba useme sehemu ndogo inalipwa mkisaini, na ikae kwa wakili hadi mchoro wa jengo usajiliwe. Kiasi kikubwa kilipwe hati ya fleti yako ikiwa tayari kuhamia jina lako. Uwekwe muda, na useme fedha inarudi vipi muda ukipita. Muuzaji akiwa kwenye ndoa, ridhaa ya mwenza wake iwe kwa maandishi. Mtu anayekataa yote hayo huku akisisitiza hati itafuata amekwisha kukujibu.

Bei iandikwe kwa shilingi. Mji wetu wa kitalii umezoea kutaja nyumba kwa dola, lakini kanuni za fedha za kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika mauzo ya ndani. Iandikwe pia nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida aliyopata, au asilimia 3 ya bei kwa mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama zake. Wauzaji hupenda kumsukumia mnunuzi kimyakimya, na bila uthibitisho wa TRA uhamisho haukamiliki. Wewe jiandae na ushuru wa stempu, asilimia 1, pamoja na ada za wakili, uthamini na usajili. Na kama muuzaji ni kampuni iliyosajiliwa VAT na jengo ni jipya, uliza kwa maandishi kama kodi hiyo imo ndani ya ile milioni 145 au itakuja juu yake.

Sasa maji, na hapa naomba unisikilize kama mzazi wa mtoto wa miaka minne.

Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huibeba. Wenyeji tunayaona matokeo kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia hapa. Meno ya kudumu huharibikia chini ya ufizi, mtoto akiwa bado mdogo. Yakishatoka, huwezi kuurudisha muda nyuma. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu ya ugumu wa kupata maji mengine, na visima vya ukanda huu vinaweza kuzidi hata hapo. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa bilioni 520, umeongeza maji ya mamlaka kwa kiasi kikubwa. Ila fleti nyingi zina kisima chao, na pengine tenki moja linapokea maji ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, na ya kisima yakichanganyika.

Usiulize "maji yapo?" Utajibiwa yapo. Uliza bili ya AUWSA ni ya nani na uione. Uliza kisima kiko wapi. Chukua chupa safi, ijaze kwenye bomba la jikoni la fleti hiyo, uipeleke maabara ya maji wakapime floraidi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki na kuwa nzito zaidi. Iko teknolojia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa, na Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na jambo hilo miaka yote, lakini mchujo unahitaji kubadilishwa kwa wakati, na kwa jengo zima ni kazi ya wamiliki wote kukubaliana. Kipimo kikija juu, na maji ya mamlaka hayafiki, mimi ningeiacha fleti hiyo hata kama hati ni safi. Kama lazima uichukue, basi ingiza kwenye hesabu gharama ya maji ya kunywa na kupikia kwa miaka yote ya utoto wa hao wawili.

Halafu nenda tena pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, ufungue bomba la bafuni ghorofa ya tatu wakati kila mtu anaoga. Ndipo utakapojua presha ilivyo. Umeme ukiwa umekatika siku hiyo, ni bahati yako: utaona pampu inasimama au ina jenereta, na nani ananunua mafuta yake.

Umeme wenyewe hakikisha fleti ina mita yake ya LUKU kutoka TANESCO. Yako majengo yenye mita moja kubwa na vimita vidogo ambavyo mwenye jengo huviuzia yuniti kwa bei aitakayo. Ukishanunua fleti, bado utakuwa mpangaji wake kwenye umeme.

Majitaka ni swali fupi: jengo limeungwa kwenye bomba la mamlaka au lina shimo? Kama ni shimo, gari la kunyonya huja mara ngapi, na hulipwa na nani? Jioni ya joto pua yako itakamilisha jibu.

Kuhusu jengo lenyewe, mlipe mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, alipitie kwa nusu siku. Kwa gharama ndogo kuliko friji atakuambia vitu ambavyo mimi na wewe hatuvioni. Kabla yake, pita mwenyewe uangalie nyufa. Ufa mwembamba wa plasta, kama unywele, si kitu. Ufa unaoanzia kona ya dirisha ukashuka kimshazari, au unaopita kwenye nguzo na kwenye boriti, huo mwonyeshe mhandisi kabla ya jambo lolote. Shuka chini uone nguzo za maegesho: nondo hazijachungulia? Mwombe muuzaji majina ya msanifu, mhandisi na mkandarasi, wale waliotakiwa kuandikwa kwenye bango la ujenzi. Jengo la Kariakoo lililoporomoka Novemba 2024 liliua watu wakiwa kwenye shughuli zao za kila siku, na sisi huku tuna jambo la ziada: tuko kando ya Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ilitikisika upande wa milima ya Gelai na Ol Doinyo Lengai, na Arusha tuliitikia. Jengo la ghorofa nne lililojengwa kwa kubana nondo si la kulaza watoto.

Dirisha la Meru ulilolipenda lina thamani kuliko ulivyofikiri. Tuko kusini mwa Ikweta, hivyo miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, jua hupita upande wa kaskazini, upande huohuo wa mlima. Vyumba vinavyoutazama Meru hupata mwanga miezi hiyo mawingu yakiachia. Vile vya upande wa pili hukaa na unyevu hadi Septemba, na nguo kabatini zinaota ukungu. Kwa hiyo usitazame sebule peke yake. Uliza watoto watalala upande gani. Inua pazia, nusa nyuma ya kabati la chumba cha kusini, pitisha kiganja ukutani chini ya dirisha.

Nakuja kwa mama. Umeandika magoti, kisha ukaandika ghorofa ya tatu, na lifti hukuitaja. Majengo ya ghorofa nne hapa mara nyingi hayana. Hili nalo ni la fungu la pili. Lifti huwezi kuiweka peke yako. Mtu aliyetoka Marangu, aliyezoea kufungua mlango na kukanyaga kihamba chake, shamba la nyumbani, utampandisha ngazi hizo siku ya kwanza kwa kumshika mkono, na baada ya miezi mitatu hatashuka tena ila kwenda hospitali. Kanisani hatakwenda, gengeni hatakwenda, jirani hatamjua. Nakusihi, kabla ya kitu kingine chochote, mlete aje apande na kushuka mwenyewe, bila haraka, ukimtazama uso. Kama jengo lina fleti ya chini inayouzwa, iulizie hata kama mandhari yake ni ukuta. Vumbi na kelele za chini zina dawa.

Jirani wa fleti si kama jirani wa nyumba yenye uzio. Anayeishi juu yako, maji yake yakivuja yanafika kwenye dari lako. Tafuta kujua ni fleti ngapi zina wamiliki wanaoishi humo, ngapi zina wapangaji, na ngapi zinakodishwa kwa watalii wa siku mbili tatu, ambao huingia saa nane za usiku wakiburuta masanduku kwenda kupanda Meru au Kilimanjaro. Uliza kila fleti inachanga kiasi gani kwa mwezi kwa ajili ya mlinzi, taa za ngazi, usafi na pampu. Kisha uliza swali gumu zaidi, kwamba mwezi uliopita ni wangapi walilipa. Mwombe anayekusanya akuonyeshe daftari. Nimewahi kuthamini jengo zuri ambalo pampu ilikufa na wenye fleti wakabishana wiki baada ya wiki nani anunue mpya, wa chini wakidai maji yanawafikia hata bila pampu. Wa juu walikuwa wakipandisha ndoo. Bei ya kila fleti ilishuka, hata ya wale wa chini.

Eneo sasa. Njiro ni pazuri na nakuelewa kulipenda: kuna shule, huduma ziko karibu, na barabara nyingi zinapitika. Lakini Njiro si moja. Tembea kwa miguu kuanzia getini kwa dakika kumi kila upande. Mito inayoshuka kutoka Meru na kupita mjini, Themi, Naura, Goliondoi, Kijenge, pamoja na makorongo yasiyo na jina, hukaa kimya miezi mingi na kujaa kwa saa chache za masika. Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji upande wa Engosengiu na watoto wakapoteza maisha. Kama kuna korongo kati ya jengo na shule ya wanao, nenda ukaone daraja lake. Na kama jengo lenyewe liko ukingoni mwa mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Pima kwa hatua zako.

Nenda Ijumaa usiku, saa nne, usimame chini ya dirisha la watoto. Nenda Jumapili asubuhi. Nenda siku ya kazi uhesabu safari kutoka getini hadi ofisini kwako saa moja na nusu, pale foleni ya Kijenge inapokuwa imeshika, kisha uifanye kwa kifodi au bajaji, kwa sababu iko siku gari litakuwa gereji. Watu wa kuwauliza ni mama wa genge, mlinzi wa jengo la jirani, kijana wa bodaboda na fundi bomba anayeitwa mara kwa mara. Waulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo: maji yalitoka lini mara ya mwisho? Mara ya mwisho kuibiwa hapa ilikuwaje? Nyumba ile imekaa wazi kwa nini? Na hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa anapokuwa wa maana. Mwulize kama kiwanja hicho kimewahi kufikishwa ofisini kwake kwa ugomvi.

Dalali akikuambia AFCON ya 2027 na uwanja mpya wa Olmoti vitapandisha bei, msikilize kwa heshima, halafu usilipe shilingi kwa ajili ya mechi ambazo hazijachezwa. Utaishi hapo miaka mingi baada ya mashabiki kuondoka.

Mwisho ni hesabu, nawe ni mhasibu, kwa hiyo nitapita haraka. Unahitaji milioni 85. Kwa mfano wa riba ya asilimia 15, mkopo wa nyumba wa miaka 15 unakutaka kama milioni 1.19 kila mwezi, na mwishoni utakuwa umelipa takriban milioni 214. Mkopo wa mshahara wa miaka 7 kwa riba hiyohiyo ni kama milioni 1.64 kwa mwezi, jumla milioni 138 hivi. Wa pili ni nafuu kwa jumla lakini unakaba kila mwisho wa mwezi, nawe sasa unalipa pango la laki tatu na nusu. Tena unafanya kazi katika kampuni ya utalii, na mwaka 2020 uliona wageni wanavyoweza kukatika kwa mwezi mmoja. Anza kujifunza leo: tenga kila mwezi tofauti kati ya pango lako na hilo rejesho, kwa miezi sita, uone kama nyumba inasimama. Ukiweza, akiba yako itakuwa imeongezeka kwa milioni kadhaa huku ukisubiri hati. Ukishindwa, umejua bila kuumia.

Na bei yenyewe: waulize wapangaji wa jengo hilo wanalipa ngapi. Tuseme fleti kama yako inapangishwa laki sita. Hiyo ni milioni 7.2 kwa mwaka, sawa na asilimia 5 ya milioni 145, kabla ya michango na matengenezo, wakati hatifungani za serikali za muda mrefu zimewahi kutoa zaidi ya asilimia 12 miaka ya karibuni. Maana yake, fleti hii kwa bei hii ni ya kuishi, si ya kuzalisha. Na kwa sababu haina hati, mimi nisingeithamini sawa na iliyo nayo. Linganisha na maeneo mengine kabla hujafunga moyo: fleti za Shirika la Nyumba pale Levolosi ziko karibu na mjini, mradi wao wa Safari City uko Mateves, na Moshono au Sakina yako mwenyewe unaweza kupata nyumba ya chini yenye kiwanja chake kwa fedha ya aina hiyo. Huko utapata hati yako peke yako, na mama atakanyaga ardhi.

Kwa hiyo Jumatatu mwombe muuzaji nakala ya hati. Akikupa, peleka upekuzi siku hiyohiyo, na chupa ya maji ipeleke maabara. Majibu hayo mawili yakitoka, niandikie tena unieleze hati imebakiza miaka mingapi, pana rehani au hapana, na kipimo cha floraidi ni ngapi. Kuanzia hapo tutaongea bei.